Nondo Aliyehama Bila Kuruka

Mwaka 1856 Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa Makumbusho ya Uingereza jijini London kwa kasi iliyowaudhi baadhi ya wenzake, alimpa jina nondo mmoja mkubwa wa Afrika ya kitropiki: Macrosila morganii. Siku hizi anaitwa Xanthopan morganii. Ni nondo wa kujaza kiganja. Rangi yake ni ya gome la mti lililolowa, na kwenye shina la bawa la nyuma ana doa la njano usiloweza kuliona mpaka alifunue mwenyewe. Alichomwa pini, akawekewa kikaratasi, akafungiwa kwenye droo.

Miaka sita baadaye Charles Darwin akatoa kitabu chake kuhusu namna wadudu wanavyochavusha okidi. Tajiri mmoja mpenda maua, James Bateman, alikuwa amemtumia okidi ya Madagaska, Bukini ya wazee wetu wa pwani, iitwayo Angraecum sesquipedale. Ua lake ni jeupe, zito, la kunukia usiku, na nyuma yake linaning'inia bomba jembamba linalokaribia sentimita 30. Mbochi, ule utamu wa ua ambao wadudu huufuata, uko chini kabisa, kwenye sentimita chache za mwisho. Darwin akajiambia utamu huo hauwezi kukaa huko bila mlaji. Basi Madagaska lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wapo waliomcheka.

Mwaka 1867 Alfred Russel Wallace alichukua rula akaenda kwenye droo za makumbusho. Ulimi wa morganii aliyempima ulikuwa na sentimita 19 hivi. Wa nondo mwingine, wa Amerika Kusini, ulizidi 23. Kwa hiyo mnyama aliyekuwa akichekwa alipungukiwa sentimita chache tu. Wallace akawahimiza wasafiri waendao Madagaska wamtafute kwa uhakika ule ule ambao wanafalaki waliitafuta nao sayari ya Neptune. Na mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan, katika kitabu chao kinene kuhusu jamii ya Sphingidae, wakamtangaza: Xanthopan morganii praedicta, aliyetabiriwa. Darwin alikuwa amekwisha kaburini miaka 21.

Hadithi hii husimuliwa kila mara kuwa ushindi wa akili ya Darwin, na ushindi ni wake kweli. Ila mimi linanivuta lile jina la 1903. Lina sehemu tatu. Sehemu ya tatu ndiyo ya Madagaska. Mbili za mwanzo ni za huku bara. Rothschild na Jordan walikuwa wanasema kwamba nondo wa unabii si spishi mpya, bali ni tawi la yule yule wa Walker, aliyekuwa anajulikana miaka sita kabla ya unabii wenyewe, ambaye viwavi wake hula majani ya mimea ya ukoo wa mtopetope huku kwetu. Kwa miaka 118 kila aliyechora ramani ya Xanthopan morganii alipaka rangi bara, akavuka Mlango wa Msumbiji, akapaka na Madagaska. Mwaka 2021 Joël Minet na wenzake, akiwemo David Lees wa makumbusho ya London, wakachapisha hoja kwamba hawa wawili ni spishi mbili. Mlango wa Msumbiji ukageuka mpaka. Hakuna nondo hata mmoja aliyehama usiku ule, lakini makazi ya nondo wetu yalipungua kwa kisiwa kizima.

Mtu akikuta nondo mkubwa ukutani huuliza mambo mawili: huyu ni nani, na anapatikana wapi? Tumezoea kuyajibu kwa zamu, jina kwanza, ramani baadaye, wakati ukweli ni kwamba swali ni moja. Ukibadili jina, ramani inasogea. Na ramani ikikataa, jina linatiliwa shaka: akija mtu na picha ya mdudu wa Dodoma aliyempa jina la spishi ya visiwa vya Pasifiki, mjuzi hatazami hata mabawa, ataanza na kichwa cha aliyeleta picha.

Kumtambua nondo wa jamii ya Sphingidae, ambao Waingereza huwafananisha na mwewe, huanza na umbo. Mabawa ya mbele ni marefu, membamba, yamechongoka. Mwili ni mnene kuliko nondo wa kawaida, kifua kimejaa misuli. Duniani kote wanajulikana zaidi ya spishi 1,400. Wako wanaojitambulisha wenyewe, kama Euchloron megaera, ambaye ni kijani kibichi mwili mzima na mabawa ya nyuma ya rangi ya chungwa. Linnaeus alimpa jina mwaka 1758 na tangu hapo sijui nani aliyemchanganya na mwingine. Anaonekana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, na Madagaska pia. Upande wa pili kuna jenasi ya Temnora: wadogo, hudhurungi juu ya hudhurungi, alama juu ya alama, na hapo hata mtaalamu hukata ncha ya tumbo la dume, akaichemsha kwenye dawa, akatazama viungo vya uzazi kwa hadubini kabla ya kuthubutu kutaja jina.

Katikati ya hao wawili ndiko wengi wetu tunakohangaika. Chukua wale wakubwa wa kijivu na kahawia wanaokuja kwenye taa ya baraza mvua zinapoanza. Mabawa yao ya mbele hayakusaidii sana. Yametengenezwa kufanana na gome, na yanafanana pia yenyewe kwa yenyewe. Tazama mgongo wa tumbo. Ukiona vipande vya waridi na vyeusi vimepishana kila upande, na mstari wa kijivu katikati, huyo ni Agrius convolvuli. Ukiona njano yenye pete nyeusi, na kifuani kuna alama ambayo watu wa nchi nyingi wameiona fuvu la kichwa cha mtu, huyo ni Acherontia atropos, mwizi wa asali, anayeingia kwenye mzinga usiku akatoboa nta kwa ulimi mfupi mnene. Ukimshika analia. Sauti ile humtoka kwa kusukuma hewa kooni, na ndiyo imemponza kwa wale wanaoogopa fuvu. Mtu aliyesikia nondo akilia mkononi mwake hahitaji kitabu cha kumtambua.

Usimfukuze kwa ufagio hata kama mama mwenye nyumba anataka. Mtazame anapojiandaa kuondoka. Hafungui mabawa akaruka hapo hapo. Kwanza hutetemeka: mabawa yamekaa mahali pamoja lakini kingo zake zimefifia kwa mtikisiko, na huendelea hivyo kwa dakika kadhaa hasa usiku ukiwa na baridi. Misuli ya kifua inapashwa moto. Nondo wa jamii hii haruki vizuri mpaka kifua kifikie joto linalokaribia la mwili wa binadamu, na manyoya mazito ya kifuani kazi yake ni kulizuia joto hilo lisitoroke. Akishapata kiwango chake anaondoka wima, anasimama hewani mbele ya ua bila kutua, anakunjua ulimi. Ni wanyama wachache tu wengine wanaoweza kusimama hewani namna hiyo. Na gizani humo anaona rangi. Almut Kelber na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba nondo wa jamii hii hutofautisha rangi kwa mwanga wa nyota, mahali ambapo mimi na wewe hatuoni ila kijivu.

Nimemtaja Agrius convolvuli, na huyo ndiye anayeharibu hesabu zote za ramani. Kiwavi wake ni mnene, ana pembe mkiani, na chakula chake ni majani ya viazi vitamu, matembele yetu. Akishiba huteremka ardhini, hujizika, hugeuka pupa. Ulimi wa nondo atakayetoka humo ni mrefu mno kukaa ndani ya mwili wa pupa, kwa hiyo umefanyiwa ala yake ya nje, iliyojikunja kichwani kama mkono wa birika.

Huko Muheza nilimkuta bibi mmoja akipalilia viazi, jembe limeibua pupa mmoja mwekundu wa kahawia, anayechezesha mkia.

"Huyu ni yule mwenye pembe," aliniambia. "Kajizika."

"Umemjuaje, bibi? Hapa hana pembe."

"Wewe mwanangu hutazami. Ona mkiani." Alimgeuza kwa ncha ya kidole. Kwenye kishimo alimotoka palikuwa na kingozi kikavu kilichokunjamana, na kwenye kingozi kile pembe ilikuwa bado imesimama. "Nguo kavua hapa hapa. Si ndiye?"

Ndiye. Wallace naye alikuwa na rula na droo tu. Bibi alimtupa pupa kwa kuku, na sikuwa na hoja ya kumzuia. Matembele ni yake.

Sasa mfuate nondo wa matembele nje ya shamba lile. Agrius convolvuli yuko Afrika yote ya kitropiki, yuko Asia, yuko Australia. Kila kiangazi cha Ulaya makundi yake huvuka kutoka kusini kwenda kaskazini, na amewahi kuokotwa hadi Iceland. Huko hawezi kuumaliza mwaka, baridi itamwua. Je, Iceland ipakwe rangi? Wachora ramani hawakubaliani. Wengine huweka nukta popote alipoonekana. Wengine hupaka tu mahali anapoweza kulea kizazi baada ya kizazi, na zaidi ya hapo huandika mgeni. Mimi niko na hawa wa pili. Kumwona nondo mahali ni ushahidi kwamba alipita, na mimi nimepita Dubai mara kadhaa lakini sijawahi kuwa mkazi. Hata hivyo nakiri kwamba upande wa kwanza una faida moja: hauhitaji kujua chochote kuhusu maisha ya mdudu, na kwa spishi nyingi za Afrika hicho ndicho tulicho nacho.

Maana nukta nazo zina historia yake. Nondo mwewe hapati nukta mpaka apatikane mtu mwenye taa, shuka jeupe, muda wa kukesha, na sababu ya kukesha. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Watu waliokaa pale walikuwa na vyote vinne. Msitu wa Amani una utajiri wake wa kweli, sibishi, lakini sehemu ya utajiri ule kwenye ramani ni utajiri wa watazamaji. Rothschild alikaa Tring, Uingereza, akakusanya vipepeo na nondo zaidi ya milioni mbili kwa kuwalipa watu waende, na walikokwenda ni kule meli, mto au njia ya msafara ilikofika. R. H. Carcasson, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya Nairobi, alitoa mwaka 1968 orodha iliyosahihishwa ya Sphingidae wa Afrika pamoja na maelezo ya wale wa Afrika Mashariki. Ni kazi ambayo bado inafunguliwa na watu wanaofanya kazi hii. Hata kwenye kazi bora namna hiyo, palipo patupu kwenye ramani hapasemi kwamba nondo hayupo. Panasema hapakulala mtu.

Taa yenyewe inachagua. Nondo wa jenasi ya Cephonodes, wenye mabawa ya kioo yasiyo na unga, na wale wa Macroglossum, huruka mchana kweupe kwenye maua ya bustani, na watu huwadhani nyuki wakubwa. Hao kwa kawaida hawaji kwenye shuka la usiku. Na taa za zebaki ambazo watozi wa zamani walizipenda hutoa miale ya urujuanimno inayowaita nondo kutoka mbali, wakati balbu za LED zilizojaa mitaani sasa nyingi hazina miale hiyo ya kutosha. Mtu anayesema "zamani walikuja wengi, siku hizi hawapo" huenda anasema kweli kuhusu nondo, na huenda anasema kweli kuhusu balbu. Kabla ya kuomboleza, uliza taa gani.

Wapo wanaolazimika kujua nondo yuko wapi bila kujali ramani za makumbusho, nao ni wenye mipapai. Mpapai dume na mpapai jike ni miti miwili, na chavua lazima itoke kwa mmoja ifike kwa mwingine usiku, kwenye maua meupe yenye harufu ambayo nyuki wengi hawayajali. Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya, na mwenzake Steven Johnson walichunguza mashamba ya mapapai kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2009: wanaofanya kazi hiyo ni nondo mwewe, na kadiri shamba linavyokuwa mbali na pori lenye afya ndivyo huduma yao inavyopungua. Kwa hiyo makazi ya nondo hayaishii anapolala wala anapotaga. Mkulima aliyekata kichaka cha mwisho kilometa kadhaa kutoka kwake anaweza kuwa amekata mapapai ya jirani, na hakuna kati yao atakayejua. Kwenye ramani ya nchi nzima mabadiliko hayo hayaonekani hata kwa nukta moja. Kalamu yenyewe ni nene kuliko umbali huo.

Nirudi kwa Xanthopan, maana kesi yake haijaisha kwa kusema tu kwamba wataalamu walibadili mawazo. Walikuwa na sababu, na sababu zao zinafaa kutazamwa moja moja. Kwanza walipima ndimi. Wa Madagaska kwa wastani ni mrefu kuliko wa bara, na dume mmoja wa msitu wa mvua wa kisiwa kile alikutwa na ulimi wa sentimita 28.5, mrefu kuliko wa mdudu mwingine yeyote aliyewahi kupimwa. Pili walisoma kile kipande cha DNA, chenye herufi 658, ambacho siku hizi hutumika kulinganisha wanyama wa kila aina, na tofauti kati ya bara na kisiwa ilizidi asilimia 7. Kwa nondo hiyo ni tofauti kubwa; spishi nyingi zinazokubalika bila ubishi hutengwa na pungufu ya hapo. Tatu, mabawa na viungo vya uzazi. Nne, rangi ya chini: wa Madagaska ana waridi tumboni na chini ya mabawa, wa bara kwa kawaida ni mweupe au njano.

Sababu hii ya nne ndiyo inayonitoa jasho. Haihitaji maabara. Rangi ile ilikuwapo mwaka 1903, Rothschild na Jordan wakiwa na macho mazuri, na kila aliyefungua droo baada yao aliweza kuiona. Lakini nondo wa makumbusho hutandazwa mgongo juu, pini ikatoka chini, na ukitaka kumwona tumbo lazima umng'oe kwenye droo umgeuze, na mdudu wa miaka mia ukimgeuza ovyo anabaki mguu mkononi mwako. Basi karne nzima ikapita wengi wakimjua kwa mgongo.

Hata unabii wenyewe bado una mgogoro wake. Lutz Wasserthal, Mjerumani aliyewafuata nondo hawa Madagaska na kuandika katika miaka ya 1990 juu ya wachavushaji wa okidi ile, ana wazo jingine kuhusu urefu wa ulimi. Buibui wawindaji hujificha kwenye maua. Nondo anayenyonya kwa mbali huku akiyumba hewani ana nafasi nzuri ya kuepa. Kwa maelezo hayo ulimi ulirefuka kwanza kwa hofu, okidi ikaja baadaye kuutumia. Darwin alidhani ua na nondo walivutana hatua kwa hatua. Sioni kwa nini moja liwe kweli na jingine liwe uongo, ila la Wasserthal lina buibui ndani yake, na ukishakesha kando ya ua usiku mmoja ni vigumu kumsahau buibui.

Kwa anayeishi huku bara na ana mtopetope karibu, kazi iliyobaki ni ndogo na haijafanywa vya kutosha. Simu zimejaa picha za nondo, karibu zote za mgongo, mabawa yamefunikwa, bila mahali wala tarehe. Mshike taratibu kwa ubavu wa kifua, vidole viwili, mgeuze, piga picha ya pili. Ukiwa na sindano nyosha ulimi wake kando ya rula. Hauumii, umezoea kunyooshwa. Andika kijiji, tarehe, na mti ulio jirani. Na kama ana doa la njano kwenye shina la bawa la nyuma, tumbo la waridi upande wa chini, na uko Mtwara, usimwachie kabla hujampigia mtu simu.